Lala na Laza, “Lie” na “Lay”: Kiswahili Kama Mwalimu wa Kiingereza

Kuna sentensi ya Kiingereza ambayo karibu kila aliyepitia sekondari Tanzania au Kenya ameisikia darasani: “Borrow me your pen.” Mwalimu huisahihisha kwa kueleza kwamba “borrow” ni kukopa na “lend” ni kukopesha, wanafunzi huyanakili maelezo hayo kwenye madaftari, na baada ya siku chache sentensi ileile hurudi kama ilivyokuwa. Mchana mimi hufasiri mikataba na nyaraka za ofisi, na jioni hufundisha Kiingereza watu wazima ambao wengi wao walishasahihishwa sentensi hiyo tangu utotoni. Kadiri ninavyoendelea na kazi hizi mbili ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba masahihisho yetu hayagusi chanzo. Anayesema “borrow me your pen” hakubabaika wala hakuokota neno bila kufikiri, amefuata kwa uaminifu kabisa sentensi ya lugha yake, nayo ni “niazime kalamu yako.”

Kitenzi kuazima kina tabia ya pekee. Nikisema “nimeazima kalamu kwa Juma,” mimi ndiye niliyepokea. Nikisema “Juma ameniazima kalamu,” Juma ndiye aliyetoa. Mzizi ni uleule, na kinachotuonyesha kalamu imeelekea upande gani ni kiambishi -ni- kilichokaa ndani ya kitenzi pamoja na mpangilio wa sentensi nzima. Wapo wanaosema kuazimisha ili kuondoa utata, lakini katika mazungumzo ya kila siku wengi hawaoni haja hiyo kwa sababu msikilizaji haelewi vibaya. Basi mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kuazima ni “borrow,” akitaka kusema “niazime,” jambo la kwanza litakalomjia, na lenye mantiki, ni kuongeza “me” baada ya “borrow.” Anachohitaji kuambiwa ni kwamba Kiingereza cha leo kimelikata tendo hili vipande viwili: mwenye kitu ana kitenzi chake, mhitaji ana chake, na hakuna kiambishi kinachoweza kukivusha kimoja hadi upande wa pili.

Wakati huohuo Kiswahili kinatenganisha jambo ambalo Kiingereza hakikulitenganisha. Jirani anayekuja kuomba kibaba cha unga anakopa, kwa sababu unga ule utapikwa na kuliwa, na utakaorudishwa ni mwingine wa kiasi kilekile. Akija kuomba ungo anaazima, kwa sababu ungo uleule ndio unaotarajiwa kurudi. Kiingereza kinatumia “borrow” kwa unga na kwa ungo. Tofauti hii ambayo bibi zetu huitunza jikoni bila kuifikiria ndiyo ambayo wanasheria wa Roma waliipa majina mawili, “mutuum” kwa mkopo wa kitu kinachotumika kikaisha na “commodatum” kwa kitu kinachotumika kikarudishwa chenyewe, na ndiyo ambayo wanazuoni wa fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, huitenganisha wanapozungumzia karadha na ariya. Nimekuta wanafunzi wanaojiona wanyonge mbele ya Kiingereza wakishangaa kusikia kwamba hapa lugha yao ina upambanuzi ambao Mwingereza hulazimika kuueleza kwa maneno mengi, na ninaona ni haki yao kuujua.

Kiingereza chenyewe hakikuwa hivi tangu mwanzo. Katika Kiingereza cha kale kitenzi “borgian,” ambacho ndicho kilichozaa “borrow,” kilitokana na neno lenye maana ya dhamana, na kiliweza kutumika kwa anayetoa na kwa anayepokea pia. Kijerumani cha leo kimebaki na hali hiyo, kwani “borgen” na “leihen” yote yanaelekea pande zote mbili na msikilizaji hutegemea sentensi. Hivyo anayesema “borrow me” anasema jambo ambalo ndugu wa karibu wa Kiingereza wanaliruhusu hadi leo. Hali hiyohiyo iliwahi kulikuta neno “learn.” Katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo The Tempest, iliyoigizwa mwaka 1611, mtumwa Caliban anawalaani mabwana zake kwa “learning me your language,” akimaanisha kumfundisha lugha. Wakati ule matumizi hayo hayakuwa na dosari, na lahaja kadhaa za Kiingereza zinayo bado. Kiingereza sanifu ndicho kilichoamua baadaye kwamba “learn” ni kujifunza tu na kwamba kufundisha kuachiwe “teach.”

Hapo ndipo penye jambo ninalotaka kulisema hasa. Jozi nyingi za Kiingereza zinazotuchanganya zimejengwa juu ya tofauti ambayo Kiswahili kinaionyesha waziwazi kwa kauli ya kutendesha. Kumbuka na kumbusha ndiyo “remember” na “remind”. Mwanafunzi anayeandika “remember me to bring the book” amekosa kiungo cha -sh- tu. Kopa na kopesha, anguka na angusha, lala na laza, panda na pandisha, nywa na nywesha: mtoto wa miaka minne anayeongea Kiswahili anajua nani amefanya na nani amemfanyisha mwingine, na hakosei. Halafu tunampeleka shuleni, tunabandika ukutani bango linalomkataza kusema Kiswahili, na tunamtaka aikariri upya tofauti hiyohiyo kama orodha ya maneno yasiyo na uhusiano. Sioni namna ya kuutetea utaratibu huo. Maarifa yanayohitajika anayo tayari, na tunamwambia ayaache mlangoni.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba hata Kiingereza kiliwahi kuwa na kauli ya kutendesha. Lugha mama ya Kiingereza, Kijerumani na lugha za Skandinavia ilikuwa na kiambishi, ambacho wataalamu hukiandika “-jan,” kilichopachikwa kwenye kitenzi ili kuleta maana ya kumfanya mwingine atende. Kiambishi hicho kiliibadili irabu ya mzizi, kisha chenyewe kikatoweka, na kilichobaki ni irabu iliyogeuka bila alama ya sababu yake. Kutoka “sit,” yaani kukaa, kukapatikana “set,” yaani kukalisha au kuweka. Kutoka “fall,” kuanguka, kukapatikana “fell,” ambalo leo limebaki hasa kwa kuangusha mti. Kutoka “lie,” kulala, kukapatikana “lay,” kulaza. Kutoka “drink,” kunywa, kukapatikana “drench,” ambalo mtaani lina maana ya kulowesha mtu chapachapa, lakini mfugaji akienda duka la dawa za mifugo atalikuta likiwa na maana yake ya asili kabisa: dawa ya minyoo ya “drench” ni dawa ya kumnywesha ng’ombe au mbuzi mdomoni. Kunywa na kunywesha. Mfugaji wa Mpwapwa au Narok anayelisoma neno hilo kwenye chupa anaelewa historia ambayo wazungumzaji wengi wa Kiingereza wameisahau.

Ndiyo sababu Waingereza na Wamarekani wenyewe huchanganya “lie” na “lay” kila siku. Kiambishi kilichozitenganisha kimekufa, na kana kwamba hilo halikutosha, wakati uliopita wa “lie” ni “lay,” kwa hiyo neno moja linasimama mahali pawili. “Yesterday I lay on the mat” ni “jana nililala juu ya mkeka”, “I lay the child on the mat every afternoon” ni “kila alasiri namlaza mtoto juu ya mkeka.” Vitabu vya sarufi hueleza jambo hili kwa kurasa kadhaa za vitenzi elekezi na visivyo elekezi. Katika darasa langu swali ni moja: je, kwa Kiswahili ungesema lala au laza? Ukisema lala, safu yako ni “lie, lay, lain.” Ukisema laza, safu yako ni “lay, laid, laid.” Mtu anayelikumbuka swali hilo hahitaji ukurasa wa pili, na nimewaona watu waliokata tamaa na jozi hii tangu kidato cha pili wakiimudu jioni moja.

“Rise” na “raise” zinakwenda hivyohivyo. Tanzania, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, EWURA, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na jioni yake kila mtu ana la kusema kuhusu petroli. Ni siku nzuri ya kufundisha. Mtu akisema “bei imepanda,” bei yenyewe ndiyo mtenda, na Kiingereza chake ni “the price has risen.” Akisema “wenye daladala wamepandisha nauli,” yupo aliyeifanya nauli ipande, na Kiingereza chake ni “raised.” Sentensi “the price has raised,” ambayo nimeikuta hata kwenye taarifa za vikao zilizoandikwa na watu wenye shahada, ni sawa na kusema “bei imepandisha,” na hakuna Mswahili atakayekubali sentensi hiyo bila kuuliza: imepandisha nini? Sikio lililokataa “bei imepandisha” ndilo hilohilo linaloweza kukataa “the price has raised,” likiruhusiwa kufanya kazi.

Yapo maeneo ambako Kiingereza kimeacha kabisa kuonyesha upande, na hapo msomaji wa Kiswahili aliyejifunza vizuri “borrow” na “lend” huduwaa. Neno “rent” ni mfano mmojawapo. “I rent a house” inaweza kusemwa na mpangaji na inaweza kusemwa na mwenye nyumba. Kiswahili kina kupanga na kupangisha kwa nyumba, kukodi na kukodisha kwa gari, viti vya harusi au shamba. Inanisikitisha kwamba tunaanza kuipoteza tofauti hii sisi wenyewe, kwani siku hizi ni kawaida kumsikia mtu aliyelipia basi la kwenda msibani akisema “tumekodisha basi,” ilhali aliyekodisha ni mwenye basi. Neno likishazoeleka vibaya kwetu, huwa limepoteza pia uwezo wa kutusaidia kwenye lugha nyingine, na mfasiri wa mkataba wa pango anayeona “rents” analazimika kurudi kwenye aya ya kwanza kutafuta nani mwenye mali, asije akageuza wajibu wa watu wawili.

Mikataba, kwa hakika, ndiyo iliyonifundisha zaidi kuliko vitabu. Jioni moja mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuja darasani na fomu ya mkopo ya benki, kurasa nyingi za herufi ndogo, akaniwekea kidole juu ya neno “mortgagor.”

“Mwalimu,” aliniuliza, “huyu si ndiye benki? Maana benki ndiyo inayotoa.”

Karibu darasa zima lilikubaliana naye, na hoja yao ilikuwa ya busara: walikuwa wamejifunza kwamba “-or” na “-er” ni alama ya mtenda, na benki ndiyo inayotoa fedha. Niliwaomba wasahau fedha kwa muda na watafute kitu kingine kinachotolewa katika shughuli ile. Mzee aliyeketi nyuma, fundi seremala, ndiye aliyejibu kwamba kinachotolewa ni nyumba, inawekwa rehani. Ni nani anayeiweka? Mwenye nyumba. Basi yeye ndiye mweka rehani, “mortgagor,” na benki ni mwekewa rehani, “mortgagee.” Mama yule aliirudia fomu yake akisoma polepole, na alipofika kwenye ukurasa ambao benki imeitwa “lender” juu na “mortgagee” chini, akaona mwenyewe kwamba ni benki ileile: kwa upande wa fedha inatoa, kwa upande wa nyumba inapewa.

Kiambishi “-ee” kiliingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha kisheria kilichotumika katika mahakama za Uingereza kwa karne kadhaa baada ya Wanormani kuiteka nchi hiyo mwaka 1066, na asili yake ni umbo la kitenzi linaloonyesha aliyetendwa au aliyetendewa. Sisi tuna kauli ya kutendwa, inayosikika wazi katika kila jozi: mwajiri na mwajiriwa ni “employer” na “employee,” na katika mahakama zetu mdai na mdaiwa husimama pande mbili za kesi bila mtu yeyote kuwachanganya. Anayemfahamu mwajiriwa anafahamu tayari “lessee,” “assignee” na “trainee.” Yapo maneno yaliyoasi, kama “absentee,” ambaye hakuna aliyemtenda chochote, amekosekana tu, hayo hayana njia ya mkato, hujifunzwa moja moja.

Sisemi haya kwa ajili ya mitihani. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999, katika kifungu cha 114, inataka rehani ya nyumba ya familia iwe na ridhaa ya mwenzi wa anayeiweka. Fomu za ridhaa hiyo mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Mke au mume anayetia saini huku akidhani kwamba majukumu yote yaliyoandikwa chini ya “mortgagor” ni ya benki, ameridhia jambo asilolijua, na ulinzi ambao Bunge lilikusudia kumpa umepotea kwenye herufi mbili za mwisho wa neno. Ningependa kila tawi la benki lenye fomu hizo liwe pia na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaosema nani anaweka na nani anawekewa.

Kiswahili hakitusaidii kila mahali, na ni vizuri kukiri hivyo ili tusijidanganye. Kitenzi kusikia kwetu ni kipana mno. Tunasikia sauti, tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia harufu ya karafuu, tunasikia maumivu ya mgongo. Kiingereza kinavigawa hivyo katika “hear,” “feel” na “smell,” na anayesema “I am hearing cold” amebeba upana wa neno lake na kuupeleka mahali usikokubalika. Hapa darasani huwa nauliza ni kiungo gani cha mwili kimefanya kazi: sikio, ngozi au pua. Mkono na mguu yanaleta ugumu wa namna hiyo. Muuguzi anayeandika “hand” kwenye fomu ya eksirei wakati mgonjwa ameumia karibu na bega ametafsiri mkono kwa neno la kwanza alilolikumbuka, ilhali “hand” inaishia kwenye kifundo na kinachobaki juu yake ni “arm.” Tungekuwa na mazoea ya kusema kiganja, kiwiko, unyayo na muundi hata katika mazungumzo ya kawaida, kazi ingekuwa nyepesi zaidi, maneno tunayo, tumeyaacha tu yakae kwenye kamusi.

Lakini katika hospitali hizohizo kuna jozi ya hatari kwa Kiingereza ambayo kwa Kiswahili haina hatari yoyote. “Hypertension” na “hypotension” zinatofautiana kwa herufi mbili na husikika karibu sawa zikitamkwa haraka, na vilevile “hyperglycaemia” na “hypoglycaemia.” Mgonjwa wa Temeke husema ana presha ya kupanda au presha ya kushuka, sukari imepanda au imeshuka, na hakuna atakayesikia moja akadhani ni nyingine. Kwa wanafunzi wa uuguzi waliowahi kuniomba msaada, ushauri wangu umekuwa kuandika kupanda na kushuka pembeni mwa kila neno la namna hiyo hadi macho yazoee.

Jozi zinazofanana kwa sauti tu sitazikalia muda mrefu. “Affect” kwa kawaida ni kitenzi, kuathiri, na “effect” ni nomino, athari au matokeo; kitenzi “to effect” kipo, kwa maana ya kutekeleza, nacho hukutwa zaidi kwenye barua za malipo. “Stationery” ni karatasi na kalamu, “stationary” ni kitu kilichosimama. “Principle” ni kanuni au msimamo, “principal” ni kikuu au mkuu, na ndiyo sababu mkuu wa chuo huitwa hivyo na fedha ya msingi ya mkopo, ile iliyo mbali na riba, huitwa hivyohivyo. Hizi ni kazi ya macho na mazoezi. Waingereza wenyewe hukosea, na kukosea kwao hakutokani na upungufu wa akili, kwa hiyo wala kwetu hakutokani na huo.

Zinazohitaji uangalifu zaidi ni zile ambazo kwa Kiswahili tumezikunja pamoja. Magazeti yetu huandika “ya kihistoria” kwa jengo lenye umri mkubwa na kwa ushindi wa jana wa timu ya taifa. Kiingereza kinataka “historical” kwa kinachohusu historia na “historic” kwa kinachostahili kuingia humo. Tunaandika “ya kiuchumi” na kuona tumemaliza, wakati “economic” ndiyo inayohusu uchumi wa nchi au wa kaya, ilhali “economical” ni sifa ya kitu kisichopoteza. Mtaani tofauti hii inafahamika vyema: fundi wa gereji akikusifia gari kwamba halili mafuta, amekupa tafsiri kamili ya “economical,” bora kuliko nyingi zilizochapwa. Akiandika kwenye tangazo lake la kuuza gari kwamba ni “economic,” tatizo si kwamba haijui tofauti. Hakuna aliyemwonyesha kwamba maneno yake ya gereji yana mahali pake katika Kiingereza.

Nimeacha mwishoni jozi inayonishughulisha kuliko zote kwa sasa, nayo ni “may” na “shall.” Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, hatua ambayo sisi wafasiri tuliipokea kwa furaha na kwa hofu ya haki, kwa kuwa sehemu kubwa ya sheria zilizokuwa zikitumika iliandikwa kwa Kiingereza. Sheria ya Tafsiri za Sheria, Sura ya 1, kifungu cha 53, inaeleza kwamba “may” inapompa mtu mamlaka, anayo hiari ya kuyatumia au kutoyatumia, na kwamba “shall” inapompa wajibu, lazima autekeleze. Maneno mawili mafupi, na kati yake kuna kesi zinazoshinda na kushindwa.

Kwa “shall” desturi yetu imekuwa kutumia wakati ujao. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ibara ya 33, inasema “Kutakuwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano,” na nakala ya Kiingereza inasema “There shall be a President.” Katika Katiba hakuna anayeidhania sentensi hiyo kuwa utabiri. Lakini mkataba wa pango ukiandika “mpangaji atalipa gharama za ukarabati,” msomaji wa kawaida anaweza kuiona -ta- kama maelezo ya kitakachotokea, au hata ahadi ya heri, na mabishano yakianza kila upande utaisoma inavyoufaa. Naona kiambishi -ta- tukiachie nyaraka ambazo uzito wake unajulikana kabla hazijafunguliwa, na katika mikataba ya watu wa kawaida tuandike “anapaswa kulipa” au “analazimika kulipa,” hata kama sentensi itarefuka.

“May” ni gumu zaidi, kwa sababu neno linalotujia haraka ni kuweza, na kuweza kwetu kunachukua uwezo, ruhusa na uwezekano kwa pamoja. “The bank may sell the property” ikifasiriwa “benki inaweza kuuza mali,” mkopaji anaweza kuisoma kwamba huenda benki ikauza, kama mtu anavyosema huenda mvua ikanyesha, na akaishi kwa matumaini. Maana yake ni kwamba benki ina mamlaka ya kuuza, na kuyatumia ni hiari yake. Tatizo linakuwa kubwa zaidi kwenye ukanushi. “The borrower may not sell the vehicle” katika mkataba ni katazo: mkopaji haruhusiwi kuuza gari. Maneno yaleyale katika barua ya kirafiki yangekuwa “huenda asiuze gari.” Nimeona rasimu zilizoandika “mkopaji anaweza asiuze gari,” sentensi ambayo kwa Kiswahili inampa mtu hiari mahali ambapo sheria imemfungia mlango.

Kwa hiyo katika kila rasimu inayopita mikononi mwangu ninatafuta kila “may” kabla sijaanza kufasiri chochote kingine, na pembeni yake ninaandika moja kati ya maneno matatu: huenda, ana hiari, au haruhusiwi. Pale ambapo sentensi ya Kiingereza inakubali mawili kwa pamoja, ninamwandikia aliyeiandaa na kumuuliza alikusudia lipi, na sehemu hiyo huiacha wazi hadi jibu lifike.